Upande wa Serikali Katika Meza ya Mradi

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia upande wa serikali katika miradi ya barabara za lami mashariki mwa Uganda, maeneo ya Tororo, Busia na Mbale. Nimeona mikataba ikitiwa saini kwa vigelegele, na nimeona mingine ikivunjwa kabla lami haijafika nusu ya njia. Jambo ambalo ningependa vijana wanaoingia kazini leo walijue mapema ni hili: mradi mkubwa ukichelewa, mara nyingi chanzo kiko nyuma sana, miezi au hata miaka kabla mkandarasi hajashusha tingatinga la kwanza, na kiko upande wetu.

Tunapozungumzia kujenga uwezo wa watumishi wa umma, mawazo huenda haraka kwenye semina, magari mapya na shahada za nje. Nimehudhuria semina hizo na zipo zilizonifaa. Lakini uwezo niliouona ukiokoa fedha za wananchi ulikuwa wa namna nyingine. Ulikuwa pale ambapo upande wa serikali palikuwa na mtu anayeujua mkataba, anayekaa eneo la kazi, mwenye mamlaka ya kujibu, na ambaye ardhi ya mradi wake imelipiwa tayari. Vitu hivyo vikikosekana, hata mhandisi hodari atabaki kuandika maelezo ya kwa nini kazi haijaisha.

Nianze na barua, kwa sababu watu wengi wa nje hawajui kwamba mradi wa barabara huendeshwa kwa barua kama unavyoendeshwa kwa mitambo.

Mikataba mingi ya barabara kubwa hapa hufuata masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Katika toleo la mwaka 1999, lile la jalada jekundu ambalo wengi wa rika langu tumekua nalo, mkandarasi anayeona anastahili kuongezewa muda au fedha anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 28 tangu alipolijua tukio. Akishaleta madai kamili, Mhandisi wa mradi ana siku 42 za kuyajibu. Malipo nayo yana saa yake. Mkandarasi akiwasilisha hesabu ya kazi aliyofanya, hati ya malipo inatakiwa itoke ndani ya siku 28, na serikali iwe imelipa ndani ya siku 56 tangu Mhandisi aipokee hesabu hiyo. Siku hizo zikipita, riba inaanza kuhesabiwa, na riba haijengi hata kalavati moja.

Katika mradi mmoja nilikuwa naingia mara kwa mara kambini kwa mkandarasi. Pale kulikuwa na chumba kizima cha watu wa mkataba. Mmoja kazi yake ilikuwa kuandika taarifa za madai, mwingine kukusanya picha na kumbukumbu za kila siku, na mwingine kufuatilia tarehe. Walikuwa wakiifanya kazi yao vizuri na kwa haki yao. Upande wetu, barua yao ilikuwa inapokelewa masijala Kampala, inapigwa muhuri, inapanda kwa katibu mkuu, inashuka kwa mkurugenzi, inapelekwa kwa wanasheria, kisha ndiyo inamfikia mhandisi ambaye ana miradi mingine kadhaa mikononi. Mara nyingi ilimfikia siku za kujibu zimeshakwisha. Hakuna mtu mmoja aliyekuwa mzembe katika mlolongo huo. Kila ofisi ilikuwa imefuata utaratibu wake, na utaratibu wenyewe haukuzijua zile siku 42.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa kikubwa. Alikuja meneja wa mradi mpya upande wa serikali, mtu mpole aliyependa kusoma mkataba kifungu kwa kifungu. Alibandika ukutani karatasi pana yenye safu chache: barua imepokelewa lini, inahusu nini, siku ya mwisho ya kujibu ni ipi, nani anaijibu. Kila Jumatatu asubuhi tulisimama mbele ya karatasi ile kabla ya kwenda barabarani. Pia alidai, na akapewa kwa maandishi kutoka makao makuu, mamlaka ya kuamua mambo ya kiwango fulani bila kurudi Kampala. Nadhani ile barua ya kumkasimia mamlaka ilikuwa na thamani kuliko mafunzo yote tuliyopewa mwaka ule.

Matokeo yalionekana upesi. Baadhi ya madai yalikataliwa kwa sababu mkandarasi mwenyewe alikuwa amepitisha zile siku 28, na sisi tulikuwa na kumbukumbu ya kuthibitisha hilo. Madai mengine yalikuwa ya haki, tukayakubali mapema, tukalipa kabla riba haijaanza kula. Lipo moja ninalolikumbuka sana, la mvua. Mkandarasi alidai mwezi mzima kazi ya udongo haikufanyika kwa mvua isiyo ya kawaida. Mkaguzi wetu wa eneo, kijana wa diploma aliyesomea ufundi Kampala, alikuwa akisoma kipima mvua kila asubuhi na kuandika milimita kwenye daftari bila kukumbushwa na mtu. Daftari lile lilionyesha siku ngapi mvua ilinyesha kweli na siku ngapi mitambo ilikaa kwa kukosa vipuri. Mazungumzo yaliisha kwa heshima, pande zote zikikubali muda mfupi zaidi.

Vikao vyetu vilikuwa vya Kiswahili. Msimamizi wa mitambo alitoka Bungoma, fundi wa maabara alitoka Soroti, wapima ardhi walitoka Masaka, na wenyeji wa njia nzima ni Wapadhola, Waiteso na Wasamia. Mimi nimezaliwa karibu na mpaka wa Malaba, Kiswahili nilikikuta nyumbani na sokoni. Nalitaja hili kwa sababu wataalamu wanaotumwa kutoka mji mkuu huja na ripoti za Kiingereza tu, wakati mwenye shamba anayesimamisha mradi mzima ana swali moja rahisi la kuuliza na hana wa kumwuliza.

Hapo ndipo inapokuja ardhi, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa sababu ndilo jambo lililotutesa kuliko yote.

Ibara ya 26 ya Katiba ya mwaka 1995 inataka mtu anayechukuliwa mali yake alipwe fidia ya haraka, ya haki na ya kutosha kabla serikali haijaitwaa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika shauri lililoihusu Mamlaka ya Barabara ya wakati ule, UNRA, ilisimama na Katiba: kifungu cha Sheria ya Utwaaji Ardhi kilichoruhusu kuingia kwenye ardhi ya mtu kabla ya kumlipa kilitamkwa kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Naiunga mkono hukumu ile kwa moyo wote. Nimewahi kuona familia ikihamishwa kwa ahadi, na sitaki kuona tena. Lakini hukumu hiyo ilimaanisha kwamba serikali inayosaini mkataba wa ujenzi bila fedha za fidia mkononi imesaini kuchelewa. Wengi hawakubadilisha mipango yao kulingana na ukweli huo.

Hebu fikiria hatua zenyewe. Wathamini wanapita shamba kwa shamba wakihesabu migomba, mihogo, nyumba na makaburi. Bei za mazao na majengo ya muda zinatoka kwa Bodi ya Ardhi ya Wilaya, na kuna wilaya ambazo orodha yake imechelewa kuhuishwa. Juu ya thamani inaongezwa posho ya usumbufu ya asilimia 15, au asilimia 30 ikiwa mwenye ardhi amepewa taarifa ya chini ya miezi sita. Ripoti nzima inakwenda kwa Mthamini Mkuu wa Serikali kuidhinishwa, na ofisi hiyo hiyo inapokea ripoti za barabara, za njia za umeme, za mabwawa na za bomba la mafuta kutoka nchi nzima. Ikishaidhinishwa, fedha inasubiri bajeti. Fedha ikichelewa mwaka mmoja, bei zimepanda, vijana wameoa na kujenga vibanda vipya, wazee wamefariki, na hesabu inabidi irudiwe. Kule Kampala, upanuzi wa barabara ya mchepuko wa kaskazini ulianza mwaka 2014 ukitarajiwa kuchukua miaka mitatu, ukaburuzwa miaka mingi zaidi, na ardhi ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Siku moja tulikuwa chini ya mwembe na wanakijiji, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akiwa ametukusanya. Mzee mmoja aliniita pembeni.

"Mwanangu, hizi pesa zitakuja kabla ya tingatinga au baada?"

"Sheria inasema kabla, mzee."

"Sheria nimeisikia. Nakuuliza wewe."

Sikuweza kumpa tarehe, kwa sababu hakuna aliyekuwa amenipa mimi tarehe. Nilimwambia hivyo hivyo, na nikamwahidi kwamba hakuna mtambo utakaoingia kwake kabla hajalipwa. Ahadi hiyo tuliitimiza, lakini kwa gharama: kipande cha barabara mbele ya boma lake kilibaki cha udongo muda mrefu, lami ikiishia upande huu na kuanza tena upande ule, na mkandarasi akatuandikia kudai gharama za kuhamisha mitambo mara mbili. Alikuwa na haki.

Upande huo huo wa kijiji alikuwepo mama mjane, mke wa pili wa marehemu. Shamba alililima yeye, watoto aliwalea yeye, lakini daftari la uthamini liliandika jina la shemeji yake kwa kuwa ndiye aliyekuwepo siku ya kuhesabu. Bila hati ya usimamizi wa mirathi, ofisi ya malipo haikuweza kumtambua. Ilibidi afisa wa ustawi wa jamii wa mradi afunge safari naye hadi mahakamani Tororo, awaite wazee wa ukoo, alete barua ya LC. Alifanikiwa. Ninachotaka kusema ni kwamba afisa yule hakuwemo katika ikama ya awali. Aliongezwa baadaye kwa sababu mfadhili alisisitiza. Kwa maoni yangu, mtu wa namna hiyo ni nguzo ya mradi sawa na mhandisi wa madaraja, na angetakiwa kuanza kazi mwaka mmoja kabla ya zabuni kutangazwa.

Kuna gharama nyingine ya ardhi isiyoonekana na mpita njia. Mkopo wa nje ukishasainiwa, fedha ambayo haijachukuliwa hutozwa ada kwa mikopo mingi, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu amelieleza hili tena na tena katika ripoti zake. Nchi inalipia fedha iliyolala kwa sababu shamba la mzee halijathaminiwa. Wizara ya Fedha ina Kamati ya Maendeleo inayopitia miradi kwa hatua, kuanzia wazo hadi upembuzi yakinifu, kabla haijaingia katika mpango wa uwekezaji. Utaratibu ni mzuri. Unahitaji ujasiri wa kumwambia mkubwa kwamba mradi wake haujaiva, na ujasiri huo huja kwa urahisi zaidi ofisa akiwa na takwimu mkononi na bosi nyuma yake.

Kuhusu zabuni sitasema mengi. Sheria ya ununuzi wa umma ipo tangu mwaka 2003 na imeandikwa sana. Ubora wa kazi ndio ningependa kuuongelea, kwa sababu huko nilimwona mtumishi wa umma akiwa na uwezo kamili.

Alikuwa fundi wa maabara ya udongo. Tabaka la msingi likishamwagwa na kushindiliwa, yeye huchimba kishimo kidogo, hupima uzito wa udongo uliotoka na ujazo wa shimo kwa mchanga maalumu, kisha hulinganisha na kiwango kilichopatikana maabarani. Siku hiyo kipande kirefu hakikufikia kiwango. Mkandarasi alikuwa na haraka, malori ya kokoto yalikuwa yamepanga foleni, na msimamizi wao alisema vipimo virudiwe mahali pengine palipo pazuri zaidi. Fundi alirudia palepale, akaandika namba ileile, akasaini. Simu zilipigwa juu zaidi. Meneja wetu, yule yule wa karatasi ya ukutani, alijibu simu hizo mbele yetu kwa sentensi moja, kwamba kipimo kimesainiwa na mtu wa serikali na kitabaki hivyo. Kipande kilichimbuliwa, kikamwagiwa maji, kikashindiliwa upya. Leo ukipita pale kwa matatu hutakuta shimo.

Fundi yule hakuwa na cheo. Alikuwa na kifaa kilichopimwa usahihi wake, elimu ya kutosha ya kazi yake, mshahara uliokuja kwa wakati, na mkubwa asiyemtupa. Nimefanya kazi na mafundi wengine wenye ujuzi kama wake waliokosa hilo la mwisho, na saini zao zilibadilika chini ya shinikizo. Siwalaumu, walikuwa na familia, na waliona waliokataa wakihamishwa.

Katika sekta ya umeme, mfano wa Karuma unanifundisha jambo hilo kwa ukubwa wake. Bwawa lile la megawati 600 kwenye Mto Nile lilianza kujengwa mwaka 2013, likapangwa kukamilika 2018, na likazinduliwa rasmi Septemba 2024. Katikati zilionekana nyufa kwenye zege na kasoro nyingine, msimamizi mshauri wa kwanza akaondolewa, na wahandisi wa kampuni ya serikali ya kuzalisha umeme, UEGCL, wakabaki wakidai marekebisho kipengele kwa kipengele. Wengi waliwalaumu kwa ucheleweshaji. Mimi naona nchi ilinufaika kuwa na Waganda waliojua wanachokipokea. Aprili 2023 kampuni hiyo hiyo ilichukua mikononi mwake uendeshaji wa vituo vya Nalubaale na Kiira pale Jinja, baada ya mkataba wa mwendeshaji binafsi kumalizika. Watu waliobishana juu ya zege na mitambo ya Karuma ni sehemu ya sababu ya jambo hilo kuwezekana.

Upande wa barabara, hali inanitia wasiwasi, na nausema kwa nia njema. UNRA ilianza kazi mwaka 2008. Mwaka 2015 wafanyakazi wake waliondolewa na kutakiwa kuomba kazi upya, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kuivunja, shughuli zake zikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Sibishani na sababu za kupunguza mashirika. Gharama za utawala zilikuwa kubwa. Wasiwasi wangu ni kumbukumbu. Kila taasisi inapohamishwa, kuna mafaili yanayobaki kwenye masanduku na kuna watu wanaoondoka na mambo vichwani. Tuliwahi kupewa kazi ya kupanua barabara ya zamani na hatukuweza kupata michoro ya mwisho ya jinsi ilivyojengwa. Tulichimba mashimo ya majaribio njia nzima kutafuta mabomba na kalavati ambazo serikali hiyo hiyo ilikuwa imelipia kuziweka. Michoro ilitoka kwa mhandisi mshauri mstaafu aliyekuwa na nakala nyumbani kwake. Alitupa bure, Mungu amjalie.

Sasa reli inakuja kwetu. Oktoba 2024 serikali ilisaini mkataba na Yapi Merkezi ya Uturuki kujenga reli ya kisasa (SGR) kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, kwa takriban yuro bilioni 2.7. Kabla ya hapo kulikuwa na mkataba na kampuni nyingine wa mwaka 2015 uliovunjwa mwaka 2023 baada ya fedha kukosekana. Njia inaanzia kijijini kwetu kabisa, na jamaa zangu ni miongoni mwa wanaosubiri kulipwa au waliolipwa. Naitakia heri kazi hii kwa dhati, maana malori yanayopanga foleni Malaba yanaeleza yenyewe kwa nini inahitajika.

Kwa wanaopanga ikama ya mradi huo na mingine inayofuata, ombi langu ni la watu watatu katika kila sehemu ya kazi, wakae Tororo, Iganga na Jinja na si Kampala. Wa kwanza awe mtu wa mkataba, mwenye barua ya kukasimiwa mamlaka na karatasi yake ukutani. Wa pili awe fundi wa vipimo anayelindwa kwa maandishi dhidi ya uhamisho wa ghafla muda wote wa mradi. Wa tatu awe afisa wa ardhi na jamii anayezungumza Kiswahili na lugha ya wenyeji, na huyu asiondolewe siku ya uzinduzi, kwa sababu kesi za mirathi na malipo ya nyongeza zitaendelea kuletwa ofisini kwake wakati treni imeshaanza kupita.